KAROTI PEKE YAKE HAITOSHI

Na mwanachama wa Chama cha Kiswahili, Kidato cha Tatu

Nimeshika kalamu kuzungumzia jambo ambalo wengi wetu tunadhani liliamuliwa zamani. Tangu chekechea tumefundishwa kwamba anayekula karoti na mboga za majani ataona vizuri, na asiyeona vizuri basi, ati, hakula. Hapo ndipo nina neno. Maoni yangu ni kwamba miili yetu haizitumii mboga kwa namna moja. Kwa hivyo mtu asilaumiwe kwa jambo alilozaliwa nalo, wala mlo wa shule usipangwe kana kwamba sisi sote tumetoka katika kalibu moja. Wahenga walinena kuwa vidole vya mkono havilingani, nami naongeza kwamba hata matumbo hayalingani.

Kwanza tuelewane kuhusu vitamini A yenyewe. Hii ndiyo inayoliwezesha jicho kuona palipo na mwanga hafifu, kama vile magharibi jua likishatua. Pia ndiyo inayotunza ngozi laini ya ndani ya pua, mapafu na utumbo, mahali ambapo vijidudu hupenda kupitia. Mtoto aliyepungukiwa nayo huanza kwa kutoona jioni. Hali ikizidi, macho hukauka, yakapata vidonda, na mwisho anaweza kuwa kipofu kabisa. Isitoshe, maradhi kama surua na kuhara humwangusha upesi kuliko wenzake. Si mzaha hata kidogo.

Vitamini hii hutufikia kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni vyakula vitokavyo kwa wanyama: maini, mayai, maziwa, siagi na samaki. Humo imo tayari, na wataalamu huiita retinoli. Ng'ombe amekwisha kutufanyia kazi: amekula majani mabichi, mwili wake ukayageuza yaliyomo, akaweka akiba katika ini lake. Sisi tunakula tu.

Njia ya pili ni mimea. Wengi watashangaa nikisema kwamba karoti haina vitamini A ndani yake hata chembe. Sukuma wiki haina. Malenge, embe na papai pia hayana. Vilivyo navyo ni beta-karotini, ile rangi ya machungwa tunayoiona kwenye karoti. Katika mboga za majani imo vilevile, ila imefunikwa na rangi ya kijani. Beta-karotini ni malighafi tu. Lazima mwili wenyewe uigeuze kuwa vitamini.

Chukua mfano wa mahindi na unga. Huwezi kusonga ugali kwa mahindi mazima. Sharti uyapeleke kwenye mashine ya kusaga. Beta-karotini ndiyo mahindi, vitamini A ndiyo unga, na mashine ni kimeng'enya kilicho katika ukuta wa utumbo mwembamba. Kimeng'enya hicho huikata beta-karotini katikati, na kutokana na vile vipande viwili mwili ukajitengenezea vitamini A. Sasa basi, nani asiyejua kwamba mashine za kusaga hazifanani? Kuna ile inayokurudishia unga laini kabla hujamaliza salamu, na kuna ile ambayo meno yake yamekwisha makali, unangoja mpaka unasinzia, na bado nusu ya mahindi yako inatoka chenga.

Ndivyo ilivyo kwa watu. Maelezo ya namna ya kuitengeneza mashine hii yamo katika jeni, ile amana tunayorithi kutoka kwa baba na mama. Kama vile mmoja anavyorithi pua ya babu na mwingine urefu wa mjomba, ndivyo mwingine anavyorithi maelezo yenye mabadiliko madogo, na mashine yake ikawa inakata polepole. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Newcastle, Uingereza, pamoja na wenzao, walitoa matokeo ya uchunguzi waliowafanyia wanawake waliojitolea. Waligundua kwamba waliokuwa na badiliko moja la jeni hiyo uwezo wao wa kugeuza beta-karotini ulikuwa chini kwa asilimia 32. Waliokuwa na mabadiliko mawili kwa pamoja, uwezo wao ulikuwa chini kwa asilimia 69. Na watu hao hawakuwa wagonjwa! Walikuwa wanawake wazima wenye afya yao, wanaotembea barabarani kama mimi na wewe.

Sisemi kwamba asilimia hizo ndizo zetu hapa Kenya, kwa sababu waliochunguzwa ni wanawake wa Uingereza. Ninachosema ni kwamba tofauti hizi zipo kati ya binadamu na binadamu, na mtu hawezi kuziona kwa kujitazama kwenye kioo.

Ukitaka kuona mfano uliokithiri, mtazame paka. Mwili wa paka karibu hauwezi kabisa kuigeuza beta-karotini. Mlishe gunia zima la karoti, bado atahitaji nyama na maini. Hapa nacheka kidogo, maana sifa ya karoti kuhusu macho ilienezwa sana wakati wa Vita Vikuu vya Pili. Huko Uingereza alikuwako rubani aitwaye John Cunningham, aliyekuwa akiangusha ndege za adui usiku. Watu wakambandika jina la Macho ya Paka, na wakaambiwa kwamba siri yake ni kula karoti kwa wingi. Kumbe siri yenyewe ilikuwa mtambo wa rada ndani ya ndege, ambao serikali haikutaka adui aujue. Basi karoti ikasifiwa kwa jina la mnyama asiyeweza hata kuitumia! Na tangu siku hizo hata anayevaa miwani huambiwa ale karoti. Enyi mnaowacheka wenzenu wenye miwani, jueni kwamba karoti haiwezi kunyoosha jicho lisiloona mbali. Kinachohitajika hapo ni miwani tu.

Turudi kwenye hesabu, kwa maana hesabu haina upendeleo. Kulingana na viwango vilivyotolewa Marekani mwaka 2001, mvulana wa rika letu anahitaji mikrogramu 900 za vitamini A kwa siku, na msichana 700. Viwango hivyo vinakadiria kwamba mtu wa kawaida anahitaji mikrogramu 12 za beta-karotini ya chakula ili apate mikrogramu 1 ya vitamini. Ukikitazama kitabu cha vyakula, nusu kikombe cha spinachi iliyopikwa kinahesabiwa kuwa mikrogramu 570 hivi. Vizuri sana. Lakini hiyo ni hesabu ya mtu wa kawaida. Yule ambaye mashine yake imepungua kwa asilimia 69, ukipiga hesabu ya kukadiria tu, anabaki na kama 177. Wawili hawa wameketi benchi moja, wamepakuliwa kwa mwiko mmoja, wamelamba sahani zikang'aa, lakini mmoja ameshiba vitamini na mwenziwe hana. Mwalimu akipita atasema, "Hawa wote wamekula mboga." Ni kweli wamekula. Waliyopata ndiyo yasiyolingana.

Sasa niseme kwa nini jambo hili linanichoma moyo. Mtaani kwetu yuko mama mboga mmoja. Kibanda chake hakikosi sukuma, managu, terere na karoti, na watoto wake wanakula zilizobaki kila jioni. Mtoto wake wa mwisho alianza kugongagonga viti jua likishatua. Mama akampeleka kwenye kliniki moja, na huko akakaripiwa mbele ya watu: "Unauza mboga mchana kutwa na mtoto wako humpi?" Mtoto alipewa dawa akapata nafuu, lakini mama alirudi akiwa ameinamisha kichwa kama mwizi. Mimi sisemi kwamba tatizo la yule mtoto lilikuwa jeni. Pengine yalikuwa minyoo, pengine ni surua aliyokuwa ameugua, maana surua huimaliza akiba ya vitamini A mwilini. Pengine mboga zilichemshwa kwa maji na chumvi bila tone la mafuta. Lakini angalau angeulizwa! Sababu ni nyingi, na kosa la mama ni moja tu kati ya hizo, tena mara nyingine halipo kabisa. Bure kumlaumu dobi, na kaniki ndiyo rangi yake.

Najua kuna watakaonipinga, na mjadala ni wa watu wawili. Acha niwajibu mmoja baada ya mwingine.

Wa kwanza atasema, "Basi mboga hazina faida, tuache kula!" La hasha! Usiniwekee maneno kinywani. Hata mashine yenye meno butu husaga. Tena mwili una hekima yake: akiba ya vitamini ikipungua, utumbo huongeza kasi ya kugeuza, na akiba ikijaa hupunguza. Mwaka 2005 yalitolewa matokeo ya uchunguzi uliofanywa Afrika Kusini, ambako watoto wa shule ya msingi walipewa gramu 125 za viazi vitamu vya rangi ya machungwa, vimechemshwa na kupondwa, kwa siku 53 za masomo. Akiba yao ya vitamini A iliongezeka. Kiazi kimoja cha aina hiyo, kikiokwa na ganda lake, kinahesabiwa kuwa na takriban mikrogramu 1,400. Hata ukikatakata asilimia 69 bado unabaki na zaidi ya 400. Ndiyo maana mwaka 2016 Tuzo ya Chakula Duniani ilitolewa kwa wataalamu wanne, na watatu kati yao, akiwemo Robert Mwanga wa Uganda, waliipata kwa kazi ya viazi hivi. Ila tusidanganyane: kile kiazi cheupe tunachokipenda kwa sababu ni kikavu na kitamu kwa chai, beta-karotini yake ni karibu na bure.

Wa pili atasema, "Si tupimwe jeni tujue nani ni nani?" Ndugu yangu, shule yetu ya kutwa inatafuta chaki, wewe unataka maabara ya jeni. Tena hakuna haja. Ukijua kwamba katika kila darasa huenda wapo wenye mashine butu, huhitaji kuwataja kwa majina. Unapika chakula kitakachowafaa wao pia, na wale wenye mashine kali hawadhuriki kwa lolote.

Wa tatu atasema, "Tununue vidonge vya vitamini tumeze." Hapo ninashika breki. Beta-karotini ya mboga haina hatari, maana mwili hugeuza kiasi unachotaka. Ukizidisha karoti, ngozi ya viganja inaweza kuwa ya manjano, lakini hiyo hupita. Retinoli ya vidonge ni mambo mengine. Hujilimbikiza katika ini, na ikizidi huwa sumu. Kwa mama mjamzito, retinoli iliyopita kiasi inaweza kumlemaza mtoto tumboni, na ndiyo sababu katika nchi kama Uingereza wajawazito huambiwa hata maini wasile. Vidonge vitolewe na daktari kwa mwenye kuvihitaji. Wadogo zetu wa miezi 6 hadi miaka mitano hupewa matone ya vitamini A kila miezi sita katika vituo vya afya, na huo ni mpango mzuri, tuwakumbushe wazazi wasiukose. Lakini sisi tuliokwisha kupita umri huo hatuna tone wala nini. Tunategemea sahani.

Wa nne, na huyu ndiye ninayemheshimu zaidi, atasema, "Nyama ni ya matajiri." Kweli, mwenye shibe hamjui mwenye njaa, nami sitoki katika nyumba ya kula nyama kila siku. Lakini njia ya kwanza haihitaji minofu. Nyama ya kawaida, hata iwe ya bei gani, ina vitamini A kidogo sana. Utajiri uko kwenye maini. Gramu 100 za maini mabichi ya ng'ombe zina karibu mikrogramu 5,000. Robo kilo ikigawanywa kwa watu watano, kila mmoja anapata karibu 2,500, yaani zaidi ya siku mbili za mvulana na zaidi ya siku tatu za msichana. Na kwa kuwa mwili huweka akiba, si lazima ule kila siku. Mara moja kwa wiki yatosha, na ukila kila siku unavuka mpaka. Ukikosa maini, yapo mayai, kila moja lina kama mikrogramu 75. Yapo maziwa ndani ya chai. Na wapo samaki wadogo kama omena, ambao huliwa wazima, kichwa, macho na ini lao pamoja. Haba na haba hujaza kibaba.

Na wale wenzetu wasiokula nyama kwa sababu ya dini, mayai na maziwa yatawafaa kama wanayala. Asiyekula hata hayo, basi akazane na viazi vya rangi ya machungwa, malenge na mboga za majani, kwa wingi na kwa mafuta.

Mafuta hayo nimeyataja makusudi. Beta-karotini hupenda mafuta kama samaki apendavyo maji. Mboga iliyochemshwa bila mafuta, sehemu kubwa ya beta-karotini yake hupita tu na kutoka. Ipike, ilainike, tia kijiko cha mafuta, na hata mwenye mashine butu atapata zaidi. Tena sheria ya Kenya tangu mwaka 2012 inataka mafuta ya kupikia na unga wa mahindi wa viwandani vitiwe vitamini A, nayo ni ile iliyo tayari, isiyohitaji kusagwa tena. Ila mafuta ya kupima yanayoanikwa juani kwenye chupa nyeupe, vitamini yake huharibiwa na mwanga. Na unga tunaojisagia wenyewe mtaani kwa kawaida hautiwi chochote. Sisemi tuuache. Ninasema tujue, ili tujazie kwingine.

Kwa hivyo, kwa heshima na taadhima, naomba mambo matatu kwa walimu wetu, kwa kamati ya wazazi, na kwa wapishi wetu ambao tunawapenda hata tunapolalamika.

Kwanza, githeri yetu ya mchana isiwe mahindi na maharagwe tu siku tano mfululizo. Itiwe malenge, karoti au viazi vya rangi ya machungwa, na ikaangwe kwa mafuta ya pakiti yenye alama ya kuongezewa vitamini. Malenge hayana bei, na nyuma ya bwalo pana uwanja ambao chama cha kilimo kinaweza kupanda mwaka huu huu.

Pili, mara moja kwa wiki tupate yai, au omena, au kipande cha maini. Najua ada haitoshi. Lakini wazazi wengine wanafuga kuku, na shule inaweza kupokea mayai badala ya sehemu ya pesa za chakula, kama inavyopokea mahindi na maharagwe.

Tatu, na hili halina gharama hata ya senti, tubadilishe maneno yetu. Mwenzako akijikwaa jioni tukitoka kwenye masomo ya ziada, usimwambie, "Si ule mboga wewe!" Mwambie mwalimu, naye apelekwe kituo cha afya, aulizwe kwa upole. Sisi wa shule ya kutwa tunatembea kwa miguu, na siku nyingi tunafika nyumbani giza limekwisha kuingia. Kuna barabara ya kuvuka, kuna mitaro isiyofunikwa, kuna pikipiki zisizowasha taa. Kwa mtu asiyeona magharibi, safari hiyo si mchezo. Inaweza kuwa ya mwisho.

Msomaji mpenzi, kila ndege huruka kwa ubawa wake, lakini ndege wote hutua penye chakula. Tuendelee kula mboga, tena tuongeze. Ila tusifikiri kwamba kilichomtosha mmoja kimewatosha wote. Chungu cha shule kipikwe kwa kumfikiria yule ambaye mwili wake unapata taabu zaidi, hata kama hatumjui jina, maana huenda akawa ni jirani yako wa dawati, na huenda akawa ni wewe. Nimesema niliyokuwa nayo. Mwenye macho haambiwi tazama.